Wanaoisubiri Theluji Tangu Oktoba

Katikati ya Oktoba kila mwaka, majani ya miti ya kaskazini mashariki mwa Marekani yakiwa yamegeuka rangi na kuanza kupukutika, Kituo cha Utabiri wa Tabianchi cha NOAA, mamlaka ya bahari na anga ya nchi hiyo, hutoa ramani mbili. Moja inahusu joto. Nyingine inahusu mvua na theluji zikiwa zimejumlishwa. Zote zinatazama miezi mitatu, Desemba hadi Februari. Penye rangi ya chungwa panaelekea kuwa na joto kuliko kawaida, penye buluu baridi, penye kijani majimaji, penye kahawia ukavu. Kabla ya jioni ramani hizo zimeshaenea kwenye simu za watu wasiojuana: mwenye hoteli ya watelezaji huko Vermont, dereva wa pikapu ambaye hufunga bamba la chuma mbele ya gari na kukwangua nyua za majirani kwa malipo, mtoto wa darasa la tano anayeomba shule ifungwe, mama wa Maine anayepiga hesabu ya mafuta ya kupashia nyumba joto. Kila mmoja anatafuta rangi yake.

Miongoni mwao wamo wapenda theluji wa kweli, na hao hawangoji Oktoba. Mwishoni mwa Agosti wanasoma almanaka. Septemba wanafuatilia joto la maji ya Bahari ya Pasifiki. Oktoba wanahesabu eneo la Siberia lililokwisha kufunikwa na theluji, na Novemba macho yao yako juu ya Ncha ya Kaskazini, kilomita 30 angani. Wanazijua kwa majina programu za kompyuta za Ulaya na za Marekani, na hugombana juu yake kama mashabiki wa Simba na Yanga wanavyogombana juu ya refa.

Kwa msomaji aliyezaliwa Tanga au Bujumbura, mapenzi hayo yanataka maelezo. Theluji huko ni mzigo: inaua kwa ajali na kwa mshtuko wa moyo wa watu wanaoizoa kwa beleshi, inafunga viwanja vya ndege, inakula bajeti za miji. Lakini ndiyo hali ya hewa pekee inayotoa likizo. Ikianguka ya kutosha usiku, alfajiri wakuu wa shule hutangaza kwamba hakuna masomo, na mtaa mzima unageuka uwanja wa kuchezea. Watoto wana mazingaombwe yao ya kuileta: kuvaa nguo za kulalia nje ndani, kuweka kijiko chini ya mto, kutupa vipande vya barafu chooni na kuvuta maji. Watu wazima hawavai nguo nje ndani. Wao husoma utabiri wa msimu.

Na hapo ndipo penye kichekesho, maana ramani za NOAA hazisemi ni theluji kiasi gani itaanguka. Mamlaka yenyewe husema hivyo kila mwaka: kiasi cha theluji kwa kawaida hakitabiriki zaidi ya wiki moja kabla. Ramani inatoa uwezekano tu. Majira ya baridi ya miaka 30 huchukuliwa na kugawanywa mafungu matatu yaliyo sawa, juu ya wastani, wastani na chini ya wastani, kisha wataalamu husema fungu lipi lina nafasi kubwa kidogo mwaka huu. Bila kujua lolote, kila fungu lina asilimia 33. Mtaalamu anayeandika 40 kwenye fungu la kwanza amesema kwamba dadu limetiwa risasi upande mmoja. Bado linaweza kuangukia upande wowote, na pale ramani inapoachwa nyeupe maana yake ni kwamba pande zote ni sawa.

Lugha hiyo haitakuwa ngeni kwa anayesikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitangaza kwamba mvua za vuli zitakuwa za wastani hadi chini ya wastani. Mafungu ni yale yale matatu. Tangu 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki wamekuwa wakikutana kabla ya misimu ya mvua na kuchora ramani ya pamoja kwa mtindo huo huo, kazi ambayo leo inasimamiwa na kituo cha ICPAC cha IGAD, jumuiya ya nchi za eneo hilo. Mkulima wa Dodoma na mtelezaji wa Vermont wanapewa aina moja ya jibu, na wote wawili huondoka wakinung'unika kwamba hawakujibiwa.

Waulizwe watu wa Boston. Oktoba 2014, ramani ya NOAA iliupaka mpaka wote wa kaskazini, kutoka pwani ya magharibi hadi majimbo ya New England, rangi ya joto. Krismasi ilipita, na wiki ya tatu ya Januari 2015 ilifika mji ukiwa na theluji ya kufagiwa tu. Kisha, usiku wa Januari 26, dhoruba ya kwanza ikaja na zaidi ya nusu mita. Ikafuata nyingine, na nyingine. Katika wiki zisizozidi nne zilianguka zaidi ya mita mbili. Februari peke yake ilitoa sentimita 165. Treni zilisimamishwa. Vijana walianza kuruka kutoka madirishani na kutua kwenye marundo, hata Meya Martin Walsh akalazimika kuwaomba hadharani waache upuuzi huo. Msimu ulipofungwa, jumla ilikuwa sentimita 281, rekodi ya mji. Rundo kubwa zaidi, lililokuwa limefikia urefu wa mita 23 hivi katika uwanja wa kumwagia theluji karibu na bandari, likiwa limejaa takataka za barabarani, liliyeyuka kabisa tarehe 14 Julai.

Je, utabiri ulikosea? Mtaalamu atasema kwamba uwezekano wa asilimia 40 wa joto huacha asilimia 60 kwa mambo mengine. Ni kweli, na inaudhi. Utabiri wa aina hii hauhukumiwi kwa msimu mmoja. Unahukumiwa kwa misimu 30, na kwa kipimo hicho NOAA hupatia mara nyingi zaidi kuliko mtu anayekisia, hasa upande wa joto. Shida ni kwamba hakuna mtu anayeishi misimu 30 kwa mpigo.

Pengo hilo, kati ya kile wataalamu wanachoweza kusema na kile watu wanachotaka kusikia, limelisha biashara kwa zaidi ya karne mbili. Mwaka 1792 Robert B. Thomas alianzisha almanaka ya wakulima ambayo bado inatoka, The Old Farmer's Almanac, yenye jalada la manjano na tundu kwenye kona ya juu ili itundikwe kwenye msumari. Inasemekana kanuni yake ya siri imefungiwa kwenye sanduku jeusi katika ofisi zake huko Dublin, New Hampshire. Wachapishaji wanajivunia kupatia kwa asilimia 80. Mwaka 1981 John Walsh na David Allen waliyachukua matabiri yake ya miaka mitano wakayalinganisha na vipimo vya vituo vya hali ya hewa nchini kote. Matokeo yalikuwa asilimia 50.7 kwa joto na 51.9 kwa mvua. Sarafu ya shilingi ingefanya vivyo hivyo, na haihitaji sanduku.

Mshindani wake, Farmers' Almanac ya mwaka 1818, ilihamia Lewiston, mji wa viwanda vya nguo vilivyokufa katika jimbo la Maine. Novemba 2025 wachapishaji walitangaza kwamba toleo la 2026 lingekuwa la mwisho. Huko kila mwaka ulitolewa utabiri wa majira ya baridi kwa jina la kubuni, Caleb Weatherbee, ukipambwa kwa maneno ya kutetemesha. Inafurahisha kwamba ni mji huo huo ambao, kuanzia 2001, Wasomali walianza kuhamia kwa maelfu, baadhi yao wakiwa wameishi miaka mingi kambini Dadaab nchini Kenya. Baadaye Wakongo na watu wengine wa Maziwa Makuu nao wakaja Maine, hasa Portland na Lewiston. Kiswahili sasa kinasikika kwenye foleni za maduka ambako wenyeji walikuwa wakinunua almanaka ya bibi zao.

Mgeni wa namna hiyo hausomi utabiri kwa hamu ya likizo. Maine inaongoza majimbo yote ya Marekani kwa kutegemea mafuta ya kupashia nyumba joto. Zaidi ya nusu ya kaya zina tangi, na tangi hujazwa kwa fedha taslimu au kwa deni. Baridi kuliko kawaida ni lita za ziada. Ndiyo maana swali la Oktoba, pale mtu anapomwuliza mwenzake aliyetangulia kufika, huwa si kama theluji itakuwepo bali ni buti gani zinafaa, nani anauza magurudumu ya baridi yaliyotumika, na maombi ya msaada wa mafuta yanapokewa lini. Mwenzake hana ramani. Ana kumbukumbu ya mwaka uliopita, na hiyo hutosha kununulia koti.

Wengine huuliza wadudu. Kuna kiwavi mwenye manyoya, mweusi ncha zote mbili na wa rangi ya kutu katikati, ambaye Wamarekani wengi huamini kwamba utepe wake wa kati ukiwa mpana baridi itakuwa laini, ukiwa mwembamba jiandae. Mwaka 1948 Howard Curran, mtunza wadudu wa Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili la New York, alikwenda Bear Mountain na mkewe, akaokota viwavi wachache na kupima tepe zao. Gazeti likaandika, baridi ikawa laini, na Curran akapata kisingizio cha kurudi mlimani na rafiki zake kila msimu wa majani kwa miaka kadhaa. Wataalamu wa wadudu wanasema utepe unaonyesha umri wa kiwavi na jinsi alivyokula, yaani mambo yaliyopita. Mji wa Vermilion, Ohio, haujali. Kila mwaka unamfanyia kiwavi huyo tamasha lenye maandamano na bendi.

Si vyema kucheka sana. Katika kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya, ukoo wa Nganyi umetabiri mvua kwa vizazi vingi kwa kutazama miti, ndege, upepo na wadudu, na wataalamu wa idara ya hali ya hewa ya Kenya wamekaa nao meza moja kulinganisha utabiri wao na ule wa kompyuta, ili tangazo moja liwafikie wakulima kupitia watu wanaowaamini. Tofauti ni kwamba mti unaochanua kabla ya mvua unaitikia unyevu na joto vilivyokwisha kuanza kubadilika. Kiwavi wa Ohio anaitikia chakula chake cha mchana.

Sasa, kompyuta zinajua nini ambacho almanaka haikijui? Hazijui hewa ya Januari. Tangu 1963, Edward Lorenz alipoonyesha pale MIT kwamba kosa dogo kabisa katika vipimo vya leo hukua mpaka likameza utabiri wote, wataalamu wamekubali kwamba wiki mbili hivi ndio ukomo wa kutabiri hali ya hewa siku kwa siku. Lakini bahari hubadilika polepole. Maji ya Pasifiki yaliyopata joto Oktoba yatakuwa bado na joto Januari, na yataendelea kusukuma hewa iliyo juu yake kwa namna inayojulikana.

Aliyefungua mlango huo hakuwa akitafuta theluji. Gilbert Walker, Mwingereza mwanahisabati, alipewa idara ya hali ya hewa ya India mwaka 1904, nchi ikiwa bado inakumbuka njaa iliyofuata kukosekana kwa mvua za monsuni. Alitaka kujua ni nini duniani hutangulia monsuni mbaya. Akakusanya vipimo kutoka kila pembe, makarani wake wakapiga hesabu kwa mkono miaka nenda miaka rudi, na katika miaka ya 1920 akaeleza mizani mbili: moja ya mgandamizo wa hewa unaopanda Pasifiki unaposhuka Bahari ya Hindi, nyingine ya Atlantiki ya Kaskazini kati ya Iceland na Azores. Ya kwanza ndiyo tunayoifahamu leo kama sehemu ya El Niño na La Niña, yaani kupata joto na kupoa kwa Pasifiki. Ya pili ndiyo inayoamua kwa kiasi kikubwa kama London na Boston zitaganda. Monsuni alizozitafuta hazikumpa jibu alilotaka.

El Niño ikiwa na nguvu, mkondo wa upepo kasi wa juu husogea kusini. Dhoruba hupita California na Ghuba ya Mexico, na majimbo ya kaskazini hupata baridi hafifu. La Niña hugeuza mambo: kaskazini magharibi na maeneo ya Maziwa Makuu ya Marekani hupata majimaji, kusini hukauka. Upande wetu wa dunia mchezo ni huo huo ukichezwa kinyume cha matakwa. El Niño ya 1997 hadi 1998 iliwapunguzia Wamarekani wa kaskazini gharama za kupasha nyumba joto kiasi kwamba mtafiti Stanley Changnon alikadiria faida ya nchi nzima kuwa dola bilioni 19 hivi, dhidi ya hasara ya bilioni 4. Miezi hiyo hiyo mafuriko yalikata barabara na madaraja Kenya na Tanzania, na homa ya Bonde la Ufa ikaua mamia ya watu na mifugo isiyohesabika kaskazini mashariki mwa Kenya na Somalia. Kisha La Niña ya 2020 hadi 2023, iliyodumu majira matatu ya baridi mfululizo, ikawatia moyo wapenda theluji wa majimbo ya kaskazini, huku Pembe ya Afrika ikikosa mvua misimu mitano.

Hata hapo bahari ni mshauri tu. Oktoba 2022 ramani ya NOAA iliielekeza sehemu ya California kwenye ukavu, kama kawaida ya La Niña. Katika maabara ya theluji ya Chuo Kikuu cha California kwenye milima ya Sierra Nevada zilianguka zaidi ya mita 19 msimu huo, kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1952. Paa zilizama. Kenya nayo ilipata kioja chake mwaka uliofuata: Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba El Niño iliyokuwa ikihofiwa haitakuja, na Novemba mafuriko yakaja, yakaua watu zaidi ya mia moja na kuhamisha mamia ya maelfu.

Sababu nyingine ya mikosi hii iko juu zaidi. Kila majira ya baridi, hewa ya giza na baridi kali juu ya Ncha ya Kaskazini hufungwa na pepo zinazoizunguka kwa kasi. Ukanda huo ukiwa imara, baridi hukaa huko huko. Wakati mwingine, hata hivyo, mawimbi ya hewa kutoka chini huugonga hadi ukalegea au ukapasuka, na ndani ya siku chache hewa ya juu inapata joto kwa makumi ya nyuzi. Richard Scherhag aliligundua jambo hilo Berlin mwaka 1952. Wiki kadhaa baada ya mpasuko, baridi inaweza kumwagika popote: Ulaya, Asia, au katikati ya Marekani. Judah Cohen, mtaalamu anayefuatwa na wapenda theluji wengi, amejenga utabiri wake juu ya hoja kwamba theluji ya Siberia ya Oktoba huanzisha mlolongo huo. Wenzake kadhaa wana mashaka, na miaka mingine Siberia imekuwa nyeupe mapema huku New York ikibaki kavu. Lakini hakuna anayebisha kwamba ukanda wa ncha ni mchezaji mkubwa.

Kinachojulikana na wachache ni kwamba mojawapo ya dalili zinazotumika kuukisia ukanda huo ilianza kuonekana Ziwa Victoria. Mwaka 1908 Arthur Berson, mtaalamu kutoka Ujerumani, alikuja Afrika Mashariki na maputo yenye vyombo vya kupimia na kuyarusha juu ya ziwa. Robo karne kabla ya hapo, majivu ya volkano ya Krakatau yalikuwa yameonyesha kwamba pepo za juu sana kwenye ikweta huvuma kutoka mashariki. Maputo ya Berson yalikuta pepo za magharibi. Mkanganyiko huo ulikaa nusu karne bila ufumbuzi, mpaka miaka ya 1960 na 1961 Richard Reed wa Marekani na R. A. Ebdon wa Uingereza walipoonyesha kwamba majivu na maputo vyote vilikuwa sahihi: pepo hizo hubadilishana zamu, mashariki kisha magharibi, kwa mzunguko wa miezi 28 hivi. Zamu ikiwa ya mashariki, ukanda wa ncha huwa dhaifu zaidi. Kwa hiyo mtu wa Connecticut anayetaka kujua kama atazoa theluji Februari huangalia, pamoja na mengine, upepo unaopita kilomita 20 na zaidi juu ya ikweta yetu.

Kuhusu ukanda huo kuna mfano wa Texas. Oktoba 2020 ramani ya NOAA ilionyesha joto kusini mwa Marekani. Tarehe 5 Januari 2021 hewa ya juu ya ncha ikapata joto ghafla. Katikati ya Februari baridi ikateremka hadi Texas. Dallas ikafika nyuzi 19 chini ya sifuri, umeme ukakatika kwa wateja milioni nne na nusu, na serikali ya jimbo baadaye ikahesabu vifo 246. Kuna wanasayansi wanaouunganisha msiba huo moja kwa moja na yaliyotokea juu ya ncha, na wengine wanaoona uhusiano hafifu. Kwa vyovyote, hakuna ramani ya msimu ingeweza kuuonyesha, kwa kuwa wastani wa miezi mitatu unaweza kuficha wiki moja ya kuangamiza.

New York ina mfano mwepesi zaidi. Desemba 2015, El Niño ikiwa miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote, mkesha wa Krismasi ulifika nyuzi 22 katika bustani ya Central Park na watu wakatembea na fulana. Wapenda theluji walikata tamaa. Mwezi mmoja baadaye, dhoruba moja ikamwaga sentimita 70 hapo hapo, kubwa kuliko dhoruba zote tangu vipimo vilipoanza mwaka 1869. Majira ya 2022 hadi 2023 yalileta sentimita 6 tu kwa msimu mzima, kidogo kuliko yote katika kumbukumbu hizo hizo, wakati wastani ni 76 hivi. Jiji kubwa la kisasa linaweza kupata theluji ya msimu mzima katika saa 30, au lisiipate kabisa.

Buffalo, saa chache kaskazini magharibi, ina sheria zake. Hapo theluji hutengenezwa na Ziwa Erie. Hewa baridi ikipita juu ya maji ambayo bado yana joto la kiangazi, huchota mvuke, hupanda, na kuumwaga nchi kavu kwa mikanda myembamba. Mtaa mmoja hufukiwa, mwingine kilomita kumi mbele unaota jua. Novemba 2022 vitongoji vya kusini mwa mji vilipata mita mbili kwa siku chache. Krismasi ya mwaka huo tufani ya theluji ilidumu saa 37 na kuua watu 47 katika kaunti ya Erie, wengine ndani ya magari yao. Ziwa hilo ni la kina kifupi, hivyo huganda haraka kuliko wenzake, na likishaganda kiwanda hufungwa. Dunia inavyopata joto, barafu yake inachelewa. Kwa muda fulani hiyo inaweza kumaanisha theluji zaidi kwa Buffalo, hadi hewa yenyewe iwe ya mvua tu.

Waingereza walijaribu kuukimbia utabiri wa msimu. Ofisi yao ya hali ya hewa ilitabiri kiangazi cha 2009 kwa maneno yaliyowafanya watu watoe majiko ya nyama choma nje. Mvua ikanyesha, kisha baridi ikawa kali kuliko ilivyokisiwa. Machi 2010 ofisi ikatangaza kwamba haitawatolea wananchi tena utabiri wa msimu. Desemba ya mwaka huo ikawa ya baridi kuliko Desemba yoyote katika miaka mia. Miaka minne baadaye watafiti wa ofisi hiyo hiyo, wakiongozwa na Adam Scaife, walionyesha kwamba mizani ya Walker ya Atlantiki ya Kaskazini inaweza kutabirika miezi kabla kwa kiwango ambacho wengi hawakukitarajia. Wananchi waliendelea na njia yao ya zamani: kuweka dau juu ya Krismasi nyeupe, ambayo kwa kanuni rasmi hukamilika punje moja ya theluji ikionekana ikianguka tarehe 25 Desemba.

Wanaofaidika kweli na ramani za Oktoba ni watu wasiozishangilia. Makampuni ya gesi yanayoamua kiasi cha kuhifadhi. Wafanyabiashara wa mikataba ya fedha inayolipa kulingana na jumla ya siku za baridi, soko lililoanza Marekani mwaka 1997. Idara za barabara, zinazonunua chumvi. Marekani humwaga mamilioni ya tani zake barabarani kila mwaka. Hao hawahitaji kupatia mwaka huu. Wanahitaji tu kwamba, katika miongo mitatu ya kununua na kuuza, dadu lielemee kidogo upande wao.

Mtoto hana miongo mitatu, na hata likizo yake imeanza kuliwa. Baada ya janga la korona, New York ilifuta siku za theluji: shule zikifungwa, masomo yalihamia kwenye kompyuta. Jaribio kubwa la kwanza lilifika Jumanne ya Februari 13, 2024, jiji lilipopata theluji kubwa kuliko zote kwa miaka miwili, sentimita nane hivi. Wanafunzi wa shule za serikali waliambiwa wabaki nyumbani na wafungue mashine zao. Asubuhi mfumo wa kuingilia ukaelemewa, na maelfu ya walimu na wanafunzi wakakaa mbele ya skrini zisizofunguka. Bustani zilijaa watoto wenye vigari vya kutelezea kabla ya saa sita mchana.